Kasa wananasa kwenye jarife langu usiku: nifanyeje bila kupoteza mapato?

"Assalaam aleikum mtaalamu. Ninavua Kilwa, nina mashua moja na mabaharia wanne. Jarife letu, yaani wavu wa macho makubwa, ni vipande 12, jumla kama mita 600, macho ya inchi 8, kwenda chini macho 20. Tunatega saa 11 jioni pembezoni mwa mwamba, maji ya pima saba au nane, tunapandisha alfajiri. Tunatafuta samaki aina ya taa, papa, na nguru akijaliwa. Msimu huu kasa wamezidi. Mwezi uliopita tulipata wanne, watatu wamekufa, na mmoja alikuwa amelegea tukamrudisha baharini, sasa naambiwa huenda hakuwa amekufa. Wananipasulia nyavu na sitaki kuingia matatani na serikali. Nimesikia habari za taa za kijani za kufunga kwenye wavu, wengine wanasema zitawaita kasa badala ya kuwafukuza. Pia nimesikia meli za kuvua kamba zina mlango wa kasa. Je, nasi tunaweza kuweka mlango? Na macho makubwa zaidi hayawezi kuwapitisha? Naomba jibu la kitaalamu, lakini linalotekelezeka na mtu mwenye mashua moja."

Waaleikum salaam, ndugu nahodha. Kasa wanakufa kwenye wavu wako, wavu unapasuka, na unaogopa kwamba dawa ya tatizo itakula kipato cha watu watano. Hofu hiyo ni ya haki, kwa sababu baadhi ya njia zinazosifiwa hupunguza kasa na samaki kwa pamoja, nami nitakutajia zipi. Kwa jarife lako ningeanza na mahali na saa ya kutega, kwa kuwa hapo hutumii hata shilingi. Kisha ningegusa jinsi wavu ulivyofungwa. Taa ningeziweka mwisho, tena kwa majaribio. Huku hayo yakiendelea, kila kasa aliyelegea atendewe kama aliye hai.

Tuanze na jambo ambalo mabaharia wengi hulichukulia kinyume. Kasa anaishi majini, lakini anapumua hewa kwa mapafu kama sisi, na anakufa maji. Kinachowachanganya watu ni kwamba kasa aliyelala chini ya mwamba anaweza kukaa saa kadhaa bila kupanda juu, basi huonekana kama hana haja ya hewa. Siri yake ni utulivu: moyo unapiga polepole, misuli haifanyi kazi, hewa aliyonayo anaitumia kidogo kidogo. Akinasa, hali inageuka. Anapiga mapezi, anajizungusha, wavu unamkaza, na akiba iliyomtosha saa kadhaa inamalizika kwa dakika. Misuli inajaa asidi, na hata ukimtoa akiwa hai damu yake inahitaji muda mrefu kurudi sawa. Huko Marekani, baadhi ya wavuvi wa kamba walioruhusiwa kuvuta nyavu bila mlango wa kasa waliwekewa kikomo cha dakika 55 kwa kila mvuto kuanzia Aprili hadi Oktoba, na dakika 75 miezi ya baridi, kwa sababu ilionekana kwamba mvuto ukipita saa moja vifo hupanda kwa kasi. Wavu wako unakaa chini saa 12. Kasa aliyenasa saa 2 usiku hana namna ya kukusubiri hadi alfajiri.

Kina nacho kina neno lake. Wavu unaoelea juu ya maji humwachia kasa nafasi ya kuunyanyua na kutoa kichwa. Wako umelala chini kwenye mita 13 hadi 15, una risasi za kuuzamisha na nanga, na hata kasa wa kijani mwenye kilo zaidi ya 100 hawezi kuupandisha umbali huo.

Swali la macho makubwa lina jibu fupi: hayasaidii. Kasa hakwami kwa mwili mzima kama samaki anayeingiza kichwa na kubanwa nyuma ya mashavu. Yeye huingiza pezi au shingo, akishtuka huzunguka, na uzi humfunga. Jicho la inchi 12 linamwachia pezi zima liingie. Ndiyo maana jarife, kwa macho yake mapana na uzi wake mnene, limekuwa mojawapo ya zana zinazoua kasa wengi zaidi katika pwani yetu, na nguva pia hufia humo, hasa eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa.

Mlango wa kasa nao haukufai, na ukielewa unavyofanya kazi hutamlipa fundi yeyote atakayetaka kukutengenezea. Ule wa meli za kamba ni fremu ya chuma au alumini yenye vyuma vilivyosimama, nafasi kati ya kimoja na kingine isizidi sentimita 10, na hufungwa kwa kuinama ndani ya koo la wavu, kabla ya mfuko wa mwisho. Meli inavuta, maji yanasukuma kila kitu nyuma, kamba wanapita kati ya vyuma, kasa anagonga vyuma, anateleza kwa mteremko hadi kwenye tundu na kutoka. Mteremko wenyewe hutakiwa kuwa kati ya nyuzi 30 na 55. Ukisimama wima kupita hapo kasa anabanwa kwenye vyuma na hatelezi, ukilala mno kamba wanatoroka. Fremu iliyofungwa vizuri hutoa takribani kasa 97 kati ya 100. Kenya imeziwekea meli za kamba za Ghuba ya Ungwana sharti la kuwa nayo, na Marekani tangu 1989 ina sheria inayozuia kamba kutoka nchi ambazo uvuvi wao haulindi kasa. Ila yote hayo yanategemea mkondo unaosukuma vitu kuelekea sehemu moja. Jarife limesimama tu, halina koo wala mfuko. Hakuna mahali pa kuweka mlango.

Sasa mahali na saa, maana hapa ndipo penye faida kubwa kwa mtu kama wewe. Kasa wa kijani hula nyasi za baharini kwenye maji madogo na hupumzika chini ya miamba na kwenye mapango ya matumbawe. Jioni anatoka malishoni kwenda kulala, asubuhi anarudi. Wewe unatega saa 11 jioni pembezoni mwa mwamba na kupandisha alfajiri, kwa hiyo wavu wako unaziba njia yake safari zote mbili. Jaribu kutega baada ya giza kuingia kabisa, saa 1 na nusu au saa 2 usiku, na uanze kupandisha kabla ya saa 10 alfajiri. Utapoteza saa chache za kuvua, na huenda nguru wa machweo wakapungua kidogo, hilo sikufichi. Taa na papa wanaotembea usiku utaendelea kuwapata.

Angalia pia uelekeo. Ukiwa na shamba la nyasi upande mmoja na mwamba upande wa pili, usikate katikati kwa mita 600. Tega upande wa nje wa mwamba kuelekea kilindini, au gawa vipande viwe makundi mawili ya mita 300 yenye uwazi mpana kati yake. Usitege mbele ya fukwe wanakotagia. Kusini mwa Tanzania kasa wa kijani hutaga karibu mwaka mzima, na kilele huangukia Aprili na Mei. Jike mmoja hupanda ufukweni mara kadhaa katika msimu, kila baada ya wiki mbili hivi, na siku za katikati huzurura palepale mbele ya ufukwe. Huyo amechukua miongo kadhaa kufikia umri wa kuzaa. Wavu mmoja mbele ya ufukwe katika miezi hiyo unaweza kuondoa majike ambao hawatapata warithi kwa muda wote utakaobaki nahodha.

Nunua daftari. Kila kasa anayenasa, andika tarehe, saa, mahali (simu yenye ramani inatosha), kina, kipande cha ngapi, aina yake, na kama alikuwa hai. Aina usiikisie kwa rangi ya gamba. Kasa wa kijani ana jozi moja tu ya magamba marefu kati ya macho na mdomo wake ni butu, kasa aina ya ng'amba ana jozi mbili, mdomo umechongoka kama wa mwewe, na magamba ya mgongoni yamepandana kama vigae. Baada ya miezi michache, kurasa hizo zitakuonyesha kama wanatoka kila mahali au wanatoka pembe moja ya mwamba. Mara nyingi ni pembe moja au mbili, na kuziacha hizo kunakugharimu kidogo kuliko kifaa chochote cha dukani.

Kuhusu kupunguza muda wa wavu majini, sitaki nikupe matumaini ya uongo. Ukikesha na wavu na kuupitia kila baada ya saa tatu, utawaokoa wale walionasa karibu na wakati wa kupita kwako. Walionasa dakika chache baada ya wewe kuondoka watakuwa wamekufa. Hata hivyo kupitia wavu kunalipa kwa njia nyingine: samaki hawaliwi na kaa na mikunga, taa anafika sokoni akiwa mbichi, na jumla ya saa za wavu majini inashuka, nayo ndiyo inayoamua ni kasa wangapi watakutana nao. Kama mafuta yanaruhusu, lala na mashua jirani na wavu badala ya kurudi bandarini.

Tuje kwenye ufungaji wa wavu. Unaponyoshwa, macho 20 ya inchi 8 ni kama mita 4. Ukishafungwa kwenye kamba, urefu wake wa kusimama unategemea umeulegeza kiasi gani. Tuseme kipande kina mita 100 za wavu ulionyoshwa, nawe umekifunga kwenye kamba ya mita 50. Huo ni wavu uliolegea, una mikunjo mingi, na unasimama kama mita 3 na nusu. Ukiufunga kwenye kamba ya mita 60, unakaza zaidi na kushuka kidogo. Waliofunga kwa kamba ya mita 40 au pungufu wana wavu wa kuviringisha, unaoshika chochote kinachougusa, kasa wa kwanza. Uliza aliyekufungia ametumia kipimo gani. Kama ni chini ya nusu, kufunga upya vipande vichache kwa kipimo cha kamba ya mita 55 au 60 ni kazi ya siku kadhaa na uzi tu. Na kama wavu una vikamba vifupi vinavyounganisha kamba ya juu na ya chini ili ufanye tumbo, viondoe au virefushe: tumbo hilo ni mfuko wa kuzamisha kasa, na majaribio ya nyavu za chini yameonyesha kwamba kuvirefusha au kuviondoa hupunguza wanaonasa.

Kuna jaribio moja la Baja California, Mexico, lililochapishwa 2016, ambalo ningependa ulitazame kwa makini, kwa sababu halihitaji kununua kitu. Waliondoa maboya kwenye kamba ya juu ya nyavu za chini ili wavu usisimame sana. Kasa walipungua kwa 68%, na samaki wa kuuza walibaki kwa aina na thamani ile ile. Lakini usiondoe yote kwa siku moja. Chunguza kwanza kamba yako ya juu. Kama ni ya polipropilini, ile ya plastiki inayoelea, itaubeba wavu kiasi hata bila maboya. Kama ni ya nailoni, inazama, na wavu utalala kabisa, utakwama kwenye matumbawe, na utapandisha kaa na mawe. Kwako ningechukua vipande sita, niondoe boya moja kati ya kila mawili, niache sita vingine vilivyo. Nguru anaogelea juu zaidi kuliko taa, kwa hiyo yeye ndiye wa kuangaliwa: akipungua mno kwenye vipande vilivyoshuka, utajua bei ya mabadiliko haya.

Sasa taa za kijani, na hapa naomba usome taratibu. Wanaosema taa zitawaita kasa hawajatunga. Maabara yameonyesha kasa duvi wachanga wakiufuata mwanga wa vijiti vya kung'aa, vile vinavyotumiwa kwenye mishipi mirefu. Isitoshe, sisi sote tunajua dagaa na vibua wanavyoufuata mwanga. Lakini kwenye nyavu zilizosimama majaribio ya baharini yameonyesha kinyume. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba usiku kasa hauoni wavu, na taa humwonyesha kwamba mbele kuna kizuizi, naye huona vizuri mwanga wa kijani. Katika Ghuba ya Sechura, Peru, wavuvi wa nyavu za chini walifunga taa za kijani kila mita 10 kwenye kamba ya juu, wakazitega sambamba na nyavu zisizo na taa. Nyavu za giza zilikamata kasa wa kijani 125, za taa 62. Ukipimwa kwa urefu wa wavu na muda wa kutega, upungufu ulikuwa 63.9%. Samaki waliyemlenga, aina ya taa mwenye mkia mnene kama wa papa, hakupungua. Gharama ilikadiriwa kuwa dola 34 kwa kila kasa aliyeepushwa.

Ungeishia hapo ungeenda kununua leo. Lakini Baja California, katika utafiti uliochapishwa 2022, nyavu zenye taa za kijani zilipunguza kwa 63% uzito wa viumbe wasiotakiwa, na miongoni mwao walikuwa papa na taa: walishuka kwa 95%. Kwa wavuvi wale ilikuwa neema, kwa sababu wao walitafuta samaki wa mapezi, nao hawakupungua, tena muda wa kupandisha na kusafisha wavu ulishuka kwa 57%. Kwako wewe papa na taa ndiyo riziki. Peru aliyelengwa hakupungua, Mexico jamaa zake walikimbia. Aina ni tofauti, maji ni tofauti, na hakuna anayeweza kukuambia akiwa ofisini papa wa Kilwa watafanya lipi. Kwa sababu hiyo usifunge taa kwenye wavu mzima kabla ya kujaribu.

Hesabu yake ni hii. Kila mita 10 kwa mita 600 ni taa 61. Kwa majaribio, chukua mita 200 na taa 21. Tafuta zilizotengenezwa kwa uvuvi, zinazostahimili kina chako na zaidi, zinazowaka zenyewe zikiingia majini. Zifunge kwenye kamba ya juu kwa vibano vya plastiki pande zote mbili za taa, zilale sambamba na kamba, maana iliyofungwa upande mmoja inaning'inia na kujisokota kwenye macho wakati wa kutupa wavu. Zinazokufa mapema huwa zimeingiza maji kwenye mpira wa mfuniko: chembe moja ya mchanga inatosha. Ufute mpira kila unapobadilisha betri, upake grisi ya silikoni kidogo, na betri zilizoisha zirudi nchi kavu. Siku hizi zipo pia zinazochajiwa na jua, zinazoondoa gharama ya betri. Kumbuka kwamba taa inafanya kazi usiku tu, na maji yawe angavu. Ukitega karibu na mdomo wa Rufiji wakati wa mvua, tope linameza mwanga baada ya mita chache, na pesa zako zimeenda.

Mtu akikuuzia wazo la kutundika sanamu za papa kwenye wavu ili kasa waogope, mkatalie. Lilijaribiwa Mexico likapunguza kasa kwa 54%, na samaki wa kuuza kwa 45%.

Jaribio lako lolote, liwe la maboya au la taa, lifanye hivi. Sehemu moja ya wavu ibadilishwe, nyingine ibaki, macho yale yale, urefu ule ule. Acha uwazi wa mita 200 hivi kati yake, hasa ukitumia taa, ili mwanga wa upande mmoja usiufikie mwingine. Kila usiku badilisha pande, uliokuwa kaskazini uende kusini, kwa sababu mahali pana bahati yake. Pima kilo za kila sehemu peke yake, taa mbali, papa mbali, nguru mbali, na uandike bei uliyouzia. Usihukumu mapema. Kasa hanasi kila usiku, kwa hiyo siku tano bila kasa hazikuambii lolote. Endelea kwa safari kama 30, zenye bamvua na maji mafu, giza na mbalamwezi. Ukiwa na mwenzako mwenye jarife kama lako, fanyeni pamoja, mtapata jibu kwa nusu ya muda.

Nirudi kwa yule aliyelegea. Inawezekana sana alikuwa hai. Kasa aliyezimia anaweza kuonekana hapumui kabisa, kichwa kimening'inia, macho yamefumba nusu. Ukimrudisha baharini katika hali ile anazama na kufa, maana hana nguvu ya kupanda kuvuta pumzi. Ukipandisha na kumkuta, simamisha mashine ya kuvutia au punguza mkono, mshike kwa ukingo wa gamba mbele na nyuma, watu wawili au watatu. Usimvute kwa mapezi, mifupa inachomoka. Kata uzi uliombana. Najua wavu ni ghali, lakini kata macho mawili matatu kwa kisu chenye ncha butu, kisha ushone. Usimwachie hata uzi mmoja shingoni au kwenye pezi, kwa sababu unaendelea kukaza hadi pezi linaoza.

Mlaze kifudifudi, tumbo chini kama anavyotembea. Mabaharia wa zamani walifundishwa kumgeuza chali na kumkandamiza tumbo kama mtu aliyekunywa maji. Njia hiyo imeachwa: akiwa chali uzito wa viungo vyake unabana mapafu, na kukandamiza kunaumiza. Inua sehemu ya nyuma angalau sentimita 15, weka tairi kuukuu au kamba iliyoviringwa chini ya nyuma ya gamba, ili maji yatoke mapafuni. Kila baada ya muda mtikise polepole kushoto na kulia, ukiinua ukingo mmoja wa gamba sentimita 8 hivi kisha mwingine. Mwekee kivuli, mfunike gamba na mapezi kwa gunia lenye maji, pua ziwe wazi. Usimtie kwenye beseni la maji. Kujua kama yu hai, gusa taratibu ngozi ya kando ya jicho au finya mkia. Akikunja mkia au kupepesa, yupo. Mwongozo wa Marekani unataka apewe kati ya saa 4 na 24 kabla ya kukata tamaa, kwa hiyo ukirudi bandarini naye bado hajaamka, rudi naye na uite msaada mara moja.

Akianza kuinua kichwa na kuvuta pumzi kwa nguvu, mpeleke mbali na nyavu, zima mashine au iache isisukume, mshushe kichwa mbele kutoka nyuma ya mashua, na umtazame mpaka azame mwenyewe kwa utaratibu. Kuna jambo jingine ambalo watafiti wa Valencia, Hispania, walilionyesha mwaka 2014: baadhi ya kasa waliotolewa kwenye nyavu walikuwa na viputo vya gesi ndani ya damu, ugonjwa ule ule unaowapooza vijana wetu wanaozamia majongoo ya bahari kwa mitungi. Kasa wa namna hiyo huweza kuchangamka kwenye mashua na kufa baadaye. Basi uamsho ni wa kuokoa aliyekwisha kunasa, wala usikupunguzie bidii ya kuhama pembe mbaya.

Wale waliokufa, msiwale na msiwauze. Kasa wanalindwa na sheria, nchini Tanzania kupitia Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake za 2009, na kuwa na nyama yake kunakutia hatiani hata kama alinasa kwa bahati mbaya. Na nje ya sheria kuna mauti. Nyama ya kasa mara nyingine ina sumu isiyoondoka kwa kupika wala kukausha, na huwezi kuitambua kwa harufu wala ladha. Machi 2024, Kisiwa Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 wakalazwa. Sumu hupita hata kwenye maziwa ya mama. Yeyote aliyekula akiungua mdomo na koo, akitapika au kulegea, aende hospitali saa hiyo hiyo, na wote waliokula chungu kile wapelekwe hata kama hawajaumwa.

Kuna mambo yasiyomalizika kwa maandishi. Kabla ya kubadilisha chochote, zungumza na Afisa Uvuvi wa wilaya na viongozi wa BMU yako (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi), uwaonyeshe daftari. Wakujulishe pia kama jarife linaruhusiwa mahali unapotega, kwa sababu ndani ya hifadhi za bahari masharti ni mengine. Anayeripoti mwenyewe kasa aliyenasa hukutana na maofisa kwa sura tofauti na anayekutwa amemficha. Kasa aliyejeruhiwa, au mwenye kibati cha chuma kwenye pezi, wajulishe shirika la Sea Sense, ambao hufanya kazi na vijiji vya pwani ikiwemo Kilwa. Namba ya kibati inakiliwe herufi kwa herufi na isiondolewe kwa aliye hai. Kwa wavuvi wa Kenya wenye shida hii, shirika la Local Ocean Conservation pale Watamu huwapokea kasa walionasa na wana hospitali yao.

Kwa kufunga wavu upya, nenda FETA (Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi) Mbegani, Bagamoyo, wanakofundisha ufundi wa zana za uvuvi. Chukua kipande kimoja kizima chenye kamba zote mbili, maboya na risasi zake, kwa sababu fundi hawezi kukokotoa kipimo cha kulegea kwa kuona picha ya simu. Kabla ya kuondoka, hesabu macho kwenye mita 10 za kamba ya juu na uandike idadi. Hilo ndilo swali la kwanza atakalokuuliza.